Ami yangu ana miaka 49 anataka kurudi ulingoni. Nimshonee bukta au nimfiche kitambaa?

FundiBuibui (Jang'ombe)

Asalaam aleykum wanajukwaa. Mada hii nimekaa nayo wiki mbili kabla ya kuiandika. Wenye mizaha njooni nayo, lakini mkimaliza mnipe na jibu, maana kitambaa kiko mezani na mwenyewe anapita kila jioni kuulizia.

Mie ni fundi cherehani, nashona mabuibui na sare za skuli. Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu nna miaka tisa. Anauza vipuri vya vespa na baskeli. Breki ikiwa mbovu anakwambia mwenyewe kuwa mbovu, ndiyo maana hajatajirika. Mwisho wa Julai kaja kibandani na mfuko, ndani mna satini nyekundu yadi mbili. Nikajua mkewe kataka gauni. Akanambia, "Nishonee bukta. Iteremke mpaka karibu na goti, na kiuno kiwe kipana." Nikamuuliza nani tena anakwenda kuogelea Forodhani na satini. "Ya ulingoni," akasema, akakaa kwenye kigoda kimya, kama mtu aliyepanga foleni ya daktari.

Kwa wasio wa huku: ngumi Zanzibar zilipigwa marufuku na Mzee Karume mwaka 1964, na marufuku ile ikadumu karibu miaka 60. Mpaka kaja Rais Hussein Mwinyi ndipo mlango ukafunguliwa, na Agosti 2023 kina Mandonga wakavuka bahari kuja kurushiana vitasa hapa kwetu. Usiku ule ami hakwenda. Alisema kichwa kinamuuma. Uongo, kichwa hakikuwa na kitu. Hakuweza kukaa kwenye kiti akatazama wengine.

Yeye kazaliwa 1976 nyumba hii hii ya Jang'ombe. Alijifunza kwa kulipiga gunia la pumba alilolitundika kwenye mwembe wa jirani, na 1995 akapanda boti kwenda Dar. Kwa bibi yangu, yaani mama yake, aliaga kuwa anakwenda kubeba mizigo Kariakoo. Mizigo alibeba kweli, mchana. Jioni alikuwa Manzese kwenye jimu. Kapigana mapambano 27 mpaka 2008: kashinda 17, kapigwa 8, sare 2. Hesabu hiyo ni ya kwake mwenyewe, kaiandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda.

Kila akirudi Unguja na jicho limefumba, bibi akimkanda kwa manjano na maji ya chumvi. "Nimeangukiwa na gunia, mama." Magunia ya Kariakoo yalikuwa na uadui mkubwa na uso wa ami. Na mie ndani ya sare mpya ya skuli nimesimama mlangoni natazama, sijui kuwa sare ile imelipiwa na jicho lile.

Nlijua mwaka 2010 nlipogeuza godoro lake nikakuta bango la pambano. Picha ni yake, jina si lake. Ndipo akanambia: miaka yote 13 alipigana kwa jina la kubuni, kwa kuogopa habari isivuke maji ikamfika bibi. Kwa hiyo leo ukimuuliza mtu wa ngumi Dar kuhusu ami yangu kwa jina lake halisi, hamjui. Na ukiuliza Jang'ombe juu ya yule bondia wa kwenye bango, hakuna aliyewahi kumsikia. Siri ile tumeishika watu wawili, mie na yeye. Hata mkewe anajua nusu.

Sasa Jumapili ile ya Julai 2025, tarehe 20, asubuhi kwa saa zetu, tulikaa wote kwenye simu yangu, chai na mkate wa ajemi pembeni, tukamwangalia Pacquiao, bondia wa Ufilipino, na Mario Barrios huko Las Vegas. Pacquiao alikuwa na miaka 46, hajapigana tangu Agosti 2021 alipopigwa na Ugas. Barrios alikuwa na 30. Raundi 12 zikesha, jaji mmoja akampa Barrios 115 kwa 113, wawili wakaandika 114 kwa 114. Sare. Mkanda ukabaki kwa Barrios, lakini nani aliyekuwa akimtazama Barrios? Chai ya ami ilipoa kikombeni. Akanigeukia: "Huyu na mie tumeanza mwaka mmoja. 1995. Kanizidi nini?"

Nikamwambia hajamzidi, wewe ndiye uliyemzidi, miaka mitatu.

"Na yeye kala makonde zaidi," akasema.

Baada ya wiki ndiyo satini hiyo. Kumbe kuna promota kaja mjini kutafuta "mkongwe wa nyumbani" wa kupigana na kijana wa miaka 27, raundi sita, na kamwahidi shilingi laki saba. Nikamwambia ami, laki saba hata dawa za meno hazitoshi. Akanijibu pesa hazitaki, mkanda hautaki, huyo kijana hana ugomvi naye. Anataka mtangazaji alitaje jina alilopewa na baba yake, hapa Unguja, na bibi awe kakaa kiti cha mbele asikie.

Hapo ndipo nliposhindwa. Angetaka pesa ningemkatalia.

Lakini asubuhi akimimina kahawa mkono wa kushoto unamtikisika. Kidogo tu. Anasema ni baridi. Baridi ya Unguja!

Nimshonee? Nikimkatalia, mafundi wamejaa Darajani.

---

Mzee_wa_Kikwajuni

Waaleykum salaam mwanangu. Wewe ni fundi, basi nitakujibu kwa bukta.

Oktoba 30, 1974, Jumatano, mie kijana wa miaka 17, tulikaa barazani na redio ya mawimbi mafupi tukisikiliza Ali na Foreman, Kinshasa. Huku ngumi haramu ya serikali, lakini redio haikuwa na mpaka. Foreman alikuwa kama lori la mchanga, kila mtu akimwombea Ali asife. Raundi ya nane Ali kamlaza. Foreman yule baadaye akapigwa na Jimmy Young mwaka 1977 kule Puerto Rico, akaingia chumba cha kubadilishia nguo akasema kayaona mauti kwa macho yake, akaacha ngumi, akawa mhubiri Houston. Miaka kumi hajavaa glovu.

1987 akarudi, mnene, watu wanacheka. Alisema anataka pesa za kituo chake cha vijana. Holyfield akampiga kwa pointi 1991, Tommy Morrison akampiga 1993. Angeacha hapo tungesema mzee kajaribu. Novemba 5, 1994 akapanda na Michael Moorer, bingwa, kijana wa miaka 26. Foreman ana 45. Raundi tisa anapigwa, majaji wote watatu wanamwandikia Moorer. Raundi ya kumi, ngumi moja fupi ya kulia kwenye kidevu, Moorer chali, kahesabiwa mpaka kumi.

Sasa sikiliza. Bukta aliyovaa usiku ule ni ile ile nyekundu ya Kinshasa. Miaka 20 kaiweka. Na kwenye kona yake alikaa Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa kwenye kona ya Ali usiku wa Kinshasa. Foreman kafa Machi 2025, kashinda mapambano 76 na kupoteza 5, lakini mtaani kwetu ukimtaja Foreman watu watakwambia usiku wa Moorer, na usiku alopigwa na Ali. Hayo 79 mengine hakuna anayeyakumbuka.

Mshonee. Mtu aliyejificha miaka 13 ana haki ya usiku mmoja.

---

PwezaMkavu

Tyson karudi Novemba 2024 ana miaka 58, kapigana na Jake Paul mvulana wa mitandao, raundi nane za dakika mbili mbili, na muda mwingi alikuwa akitafuna glovu yake mwenyewe. Mwambie ami auze vipuri.

---

Nesi_Fuoni

Mzee wa Kikwajuni, shikamoo, lakini umemsimulia mtoto nusu ya hadithi. Kwa kila Foreman mmoja kuna wodi nzima ya wengine.

Fundi, mie ni muuguzi, nitasema kama ninavyowaambia ndugu wa wagonjwa. Ubongo wa mtu hunywea kidogo kidogo kadiri umri unavyokwenda. Ukinywea, ile mishipa midogo inayouunganisha na utando wa juu inavutika, inakaa kama uzi uliokazwa kwenye cherehani. Kijana akipigwa kichwani uzi una ulegevu. Mtu wa karibu miaka hamsini uzi umekaza, na ukikatika damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Anaweza kumaliza pambano, akapanda daladala, akala wali, akalala, asiamke. Na akikausha maji mwilini ili apunguze kilo za kupimia uzito, hatari inazidi.

Na si wazee peke yao. Robert Wangila wa Kenya, medali ya dhahabu Seoul 1988, alikufa Las Vegas Julai 1994. Mwamuzi alisimamisha pambano, Wangila akalalamika kuwa bado yuko sawa, akatoka ulingoni kwa miguu yake, chumba cha kubadilishia nguo akaanguka. Miaka 26.

Mzee kamtaja Ali wa 1974. Namtaja Ali wa 1980. Kabla hajapigana na Larry Holmes walimpeleka kupimwa Mayo Clinic. Aliambiwa aguse ncha ya pua kwa kidole, akakosea kidogo. Aliambiwa aruke kwa mguu mmoja, hakuruka kama inavyotarajiwa. Leseni akapewa. Oktoba 2 akapigwa raundi kumi na kijana aliyewahi kuwa mwenziwe wa mazoezi, mpaka Dundee akamkatalia asiinuke raundi ya 11. Mwaka 1984 wakamwambia ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka.

Huo mkono wa kahawa ndio uliokuleta hapa. Usijifanye umekuja kuuliza habari ya kitambaa.

Mpeleke kwanza: CT scan ya kichwa, macho yatazamwe mpaka nyuma kwenye retina, presha, moyo, na damu kwa homa ya ini na VVU. Cheti cha promota usikikubali. Daktari umtafute wewe.

---

Mzee_wa_Kikwajuni

Marahaba Bi Nesi. Kweli umenishika. Nikuongezee mwenyewe: mwanzo wa mwaka huo huo wa 1980, Februari, Ali alikuja Dar, katumwa na Rais Carter atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Sie tuliompenda tuliona haya kwa niaba yake, mtu mkubwa vile kutumwa kama tarishi. Miezi minane baadaye kapigwa na Holmes. Ulikuwa mwaka mbaya kwake, na watu wazima wenziwe hawakumwambia kaa chini.

Mie pia labda nisingemwambia. Mtu unayempenda akiwa na hamu, ulimi unakuwa mzito.

---

Kona_Nyekundu (Temeke)

Dada Fundi, mimi ni kocha huku Dar, nimeshika taulo zaidi ya miaka ishirini na nimelirusha ulingoni kusimamisha pambano mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mapenzi yenu tuyaweke kando kidogo, tuongelee biashara.

"Mkongwe wa nyumbani" kwa promota maana yake ni ngazi. Yule kijana wa miaka 27 anahitaji ushindi kwenye rekodi, na anahitaji jina la kumpiga. Mkongwe hana jina rasmi, lakini ana sura, ana mtaa, ana ndugu wa kununua tiketi. Mtajaza ukumbi wenyewe kuja kumuangalia mtu wenu anakanyagwa. Laki saba ndiyo bei ya ngazi. Hajakudanganya, kakwambia kabisa "mkongwe".

Halafu hili la jina. Ami yako hayuko peke yake. Nimefundisha vijana kutoka visiwani waliopigana kwa majina ya mitaa, majina ya wanyama, mmoja alitumia jina la shemeji yake bila kumwambia. Walikuwa wazuri! Wanajua kucheza na miguu, sijui ni kwa sababu ya mchanga wa pwani. Wakipigwa walikuwa wanasikitika jioni ya boti kuliko jioni ya pambano. Nilikuwa nawaambia, hiyo barafu weka sasa hivi, saa mbili za bahari ni nyingi kwa jicho.

Anachokitaka hakihitaji raundi sita na mtu mwenye njaa. Kuna pambano la maonyesho. Raundi tatu za dakika mbili, glovu za wakia 16 badala ya nane au kumi za mashindano, kofia ya kichwa, na mwenzake awe mtu wa makamo anayejua kazi, siyo kijana anayetafuta video ya nokauti. Mtangazaji anataja jina, historia inasomwa, kengele inalia, watu wanapiga makofi. Lakini hata hiyo, Nesi akisema hapana ni hapana. Kichwa hakijui kwamba ni maonyesho.

Na muulize swali moja ambalo huwa nawauliza wote: pambano lako la mwisho, ulilimaliza vipi? Wanaorudi wengi wanarudi kulimalizia lile.

---

FundiBuibui

Ahsanteni nyote, na PwezaMkavu nawe nimekusoma.

Kaka Kona, swali lako nilimuuliza jana akiwa anafunga duka. Akanyamaza mpaka akamaliza kufuli zote mbili. Pambano la mwisho alisimamishwa raundi ya tatu, Magomeni. Anasema hakuumia, aliteleza kwenye maji yaliyomwagika konani, mwamuzi akadhani kaangushwa. Akipanda boti kurudi, katikati ya bahari, akaitupa bukta na viatu. Ilikuwa nyekundu.

Mzee, nlipomsimulia habari ya Foreman na bukta yake ya miaka 20 alitikisa kichwa. "Mwenzangu alikuwa na akili ya kuweka," akasema.

Hospitali kakubali kwenda, ila kwa sharti nisimwambie mtu kuwa ni mie niliyemlazimisha. Basi msimwambie.

---

Kengeja_Kwetu (Pemba)

Sie huku hatuna ngumi, tuna ng'ombe. Nlicheza ng'ombe tangu nna miaka 18. Anafungwa kamba ndefu, wanawake wanaimba, zumari linapiga, nawe unamkabili na kipande cha nguo huku dume linachimba mchanga kwa kwato. Hauawi, anarudi bandani kwake, na wewe unarudi kwako ukijaaliwa.

Nlipofika miaka 41 dume moja lilinigusa nyonga. Halikunichoma, lilinigusa tu, kama mtu anavyokupitia sokoni akasema samahani. Nikajua limenionea huruma. Sijaingia tena. Ila kila mchezo ukiwepo nnakaa mbele, na wale vijana kabla hawajaingia wanakuja kunipa mkono, na wanawake kwenye nyimbo wananitia ndani, jina langu na la baba yangu. Hiyo ndiyo raha niliyonayo mjini na shamba.

Nlisoma mahali kuwa pambano la mwisho la Ali, Desemba 1981 kule Bahamas, alipopigwa na Berbick, kengele ya ulingo haikupatikana wakapiga kengele ya ng'ombe. Nlicheka peke yangu, nikasema huyu angekuja Pemba tungemtia kwenye wimbo na asingeguswa na mtu.

Hilo jina la ami yako halina wimbo. Ndilo linalomkera, si mikono.

---

FundiBuibui

Narudi baada ya siku kumi na nane, kuna waliouliza pembeni.

Kwanza, bibi kajua. Sikumwambia. Alikuja kibandani kunigombeza juu ya buibui la jirani nililolichelewesha, akaikuta bukta nimeshaikata, haijaunganishwa. Bibi alikuwa fundi kabla yangu, ukimwekea vipande anaijua nguo. Akauliza ya nani. Nlitaka kusema ya mteja wa Bububu, ulimi ukakataa. Nikamweleza yote, Manzese, Magomeni, bango, mpaka gunia la pumba kwenye mwembe.

Nlidhani atalia, au atatukana ngumi. Kakaa kwenye kigoda kile kile cha ami. La kwanza kusema: "Manjano yangu yote yale." La pili, baada ya muda: "Baba yake alikaa siku saba anatafuta jina. Alikwenda kwa sheikh, karudi, halikumpendeza, kenda tena. Yeye kachukua ushindi 17 kampa mtu asiyekuwepo." Ngumi hakuzisema hata neno. Alipomwita ami usiku ule, nyumba nzima tulisikia anachomgombea, na kilikuwa jina. Ami na ndevu zake nyeupe kainamisha kichwa kama mtoto wa chuoni.

Pili, vipimo. Macho mazima. Presha iko juu kidogo, kapewa vidonge. Kichwa hakina damu wala uvimbe, ila daktari alituonyesha picha akasema ubongo umenywea zaidi ya anavyotarajia kwa mtu wa miaka yake, na ule mtikisiko wa mkono anataka aendelee kuutazama. Kamwambia ami kwa upole lakini bila kona: usipigwe tena kichwani, na mtu yeyote, kwa glovu ya aina yoyote. Nesi, kila ulilolisema alilisema, hata ile mishipa iliyokaza. Nlikukumbuka.

Ami kwenye daladala hakusema kitu mpaka Michenzani. Hapo akanambia, "Basi Pacquiao alikuwa na bahati nzuri ya fuvu." Nikasema labda na madaktari wazuri. Tukashuka.

Promota aliposikia habari ya maonyesho kasema hakuna pesa ndani yake, kaacha kupokea simu. Kaka Kona ulimjua kabla hujamwona. Lakini vijana wa jimu moja hapa mtaani wana siku yao ya mapambano ya ridhaa, na kocha wao kasema ami apande ulingoni kati ya mapambano, apige pedi zinazoshikwa na kocha raundi mbili, atangazwe kwa jina lake na mapambano yake 27, ashuke. Hakuna wa kumrudishia.

Ami kachukia. "Nikaonyeshwe kama pweza wa Forodhani?" Siku tatu hakupita kibandani. Bibi akasema mwacheni. Yeye mwenyewe kila jioni anamuuliza tarehe ni lini, kama vile jambo limeshakubaliwa, na anataka kujua kiti cha mbele kina mgongo au ni benchi, maana kiuno chake hakiwezi benchi.

Mpaka leo ami hajasema ndiyo wala siyo. Ila jana magharibi kaja, kasimama mbele yangu, kainua mikono pembeni bila neno. Nikachukua tepu. Inchi 36. Aliniambia ile ya zamani ilikuwa 30, nami nikajifanya sikusikia. Nikamuuliza niandike nini mbele kiunoni. Akanitajia majina matatu kamili, lake, la baba yake na la babu yake, polepole, herufi kwa herufi, kama ninakosea kuandika jina la mtu aliyenilea.

Majina matatu kwenye kiuno kimoja hayaingii kwa lastiki ya kawaida. Nahitaji pana ya inchi nne, nyeupe, isiyopoteza mvuto. Darajani nimezunguka maduka yote, zote ni za inchi mbili. Anayejua pa kuipata hapa mjini, au Kaka Kona kama ipo Kariakoo na kuna mtu anapanda boti wiki hii, anambie. Nauli ya kifurushi nitalipa mie.